Miche ya seji ya vitalu vya Tengeru: kama unapenda mimea ya viungo usipite bila kusimama

Kama unaishi Arusha au Moshi, au unapita tu hiyo barabara, na umekuwa ukitafuta seji ya kupanda nyumbani ila kila duka unaloingia wanakuletea kile kichupa cha majani makavu yaliyosagwa, basi haya maoni ni yako. Naongelea vile vitalu vidogo vya miche vya kando ya barabara kuu upande wa Tengeru, vile vya wavu mweusi juu na viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche) vimepangwa chini mstari mstari, na hasa kitalu kimoja cha mzee mmoja na mke wake. Hakina jina wala bango, ni wao na miche yao tu.

Tuelewane kwanza ni seji ipi maana ziko nyingi. Nasema ile ya mapishi, Salvia officinalis, majani marefu ya kijani kilichochanganyika na kijivu, ukiyagusa yana vinyweleo vifupi laini, ukisugua jani moja kwa vidole harufu inapanda kali, kama kuna kafuri ndani yake, na inabaki mkononi mpaka unawe. Ni ya ukoo mmoja na mnanaa na rehani. Asili yake ni nchi za Mediterania, kule pwani ya Dalmatia na Balkani, inaota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, jua kali, udongo mwembamba, mvua za kuhesabu. Ukishajua inakotoka umeshajua jinsi ya kuitunza, kwa sababu mmea uliozoea mawe na jua ukiuletea kivuli na tope hauwezi kukushukuru.

Sasa kinachofanya nivipende hivi vitalu ni hiki: miche yao haitoki kwenye mbegu. Wanakata matawi machanga kwenye mmea mama na mmea mama wenyewe upo palepale, nyuma ya kitalu, nje ya wavu, kichaka kikubwa kimekaa juani. Unaweza kwenda kuuangalia, ukachuma jani ukanusa, ukajua kabisa mche unaobeba utakuja kuwa na harufu gani. Kwa seji hilo lina maana kubwa sana jamani. Miche ya mbegu haifanani, mmoja unakuwa na harufu nzito mwingine ni majani tu, lakini tawi lililokatwa ni nakala ya mama yake. Alafu mbegu zenyewe zinachukua wiki 2 hadi 3 kuota, zinaota kwa mafungu, kisha mche unakua taratibu mno, unaweza kukaa karibu mwaka mzima ndo uanze kuchuma majani ya maana. Na mbegu ya seji haivumilii kukaa stoo miaka mingi. Nimeshanunua pakiti za mbegu kutoka nje kwenye duka moja mjini, picha nzuri, karatasi inang'aa, zikaota chache za kuhurumia, na ukigeuza pakiti sehemu ya tarehe imefutika haisomeki. Kwa hela ileile ya pakiti unapata mche wenye mizizi tayari, mimi sioni sababu ya kuhangaika.

Bei: mche wa kwenye kiriba nimeuziwa shilingi 3,000, ule mkubwa uliohamishiwa kwenye kopo ni 8,000, na ukichukua kadhaa mama anapunguza bila hata kumwomba sana. Linganisha na vile vikasha vya majani mabichi vya supamaketi, vijiti vichache vimefungwa na nailoni, bei yake karibu sawa na mche mzima, na ukiviweka kwenye friji siku chache vinaanza kuwa vyeusi pembeni.

Lakini kilichonirudisha pale ni maelezo. Yule mzee amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua upande wa Usa River kabla hajaanza vya kwake, na inaonekana. Ni eneo ambalo watu wake wameishi na bustani, kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha TARI, ile Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo hapohapo Tengeru, mashamba ya maua na mboga za kusafirisha nje yamewapa ajira watu wa pale kwa muda mrefu, kwa hiyo unakuta muuza miche wa barabarani anakueleza habari za mizizi na mwanga vizuri kuliko muuzaji wa duka kubwa. Nilipomuamkia na kumwambia nataka seji hakukimbilia kunipa mche, aliuliza, "Nyumbani kwako jua linapiga wapi mwanangu, asubuhi au mchana?" Nikamweleza. Akauliza udongo ukoje, ukinyesha maji yanasimama au yanakwenda. Ndo akachagua. Na wakati wa kunikabidhi akasema neno moja ambalo nadhani lingefaa kuandikwa kwenye kila kiriba cha seji nchi hii: "Huu usiuonee huruma ya maji."

Kwa sababu wengi wanaoua seji wanaiua kwa ndoo. Wanaipanda pamoja na spinachi na mchicha, kwenye tuta moja, wanamwagilia asubuhi na jioni, majani yanaanza kuwa ya njano kuanzia chini, wao wanadhani ina kiu wanaongeza maji, mizizi inaoza, kichaka kinanyauka huku udongo umelowa chapa chapa. Mche mpya ndio, unataka maji ya mara kwa mara wiki za mwanzo mpaka ushike, ila ukishashika unaacha udongo ukauke kweli, unachomeka kidole, ukikuta pakavu mpaka kama nusu ya kidole ndo unamwagilia, tena chini kwenye shina sio juu ya majani. Ukiwa umekaa kwenye kiangazi cha kawaida cha Arusha unaweza kuupa maji mara moja kwa wiki na ukafurahi tu.

Udongo wa huku kwetu ni mweusi wa volkano, una rutuba, ila sehemu nyingine unashika maji. Mimi nilinyanyua tuta juu, nikachanganya udongo wa juu na mchanga mnene na changarawe ndogo, na samadi kidogo sana iliyooza vizuri, basi. Sio mmea wa kushindiliwa mbolea. Ukiumwagia yurea unakuwa na majani makubwa laini ya kupendeza kwa macho, ukisugua harufu hakuna, na hiyo harufu ndo tunayoitafuta. Mbolea ya kuku mbichi ndo usithubutu. Udongo usiwe na tindikali nyingi, pH ya 6 mpaka 7 inatosha kabisa. Nafasi kati ya mche na mche acha sentimita 45 hadi 60, najua miche inakuja midogo unaona ardhi inapotea bure, lakini inatanuka, na hewa isipopita katikati ndo unakaribisha ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani. Jua angalau saa 6 kwa siku. Chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta wa jirani usijisumbue.

Masika ndo mtihani wenyewe. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua za huku hazichezi, na hapo ndo tofauti ya tuta lililonyanyuliwa na shimo la kawaida inaonekana waziwazi. Miche niliyonunua kwa mzee imevuka masika yote, imepoteza majani kadhaa ya chini, na mvua ilipokata ikachipua upya kwa nguvu. Nilichofanya cha ziada ni kupunguza matawi ya katikati kabla mvua hazijaanza ili hewa ipite, na kuweka changarawe kuzunguka shina ili tope lisirukie majani. Konokono wanakuja pia wakati huo, wanapenda miche michanga, ukitoka na tochi usiku unawaokota. Kiangazi angalia chini ya majani, kuna utitiri na inzi weupe, mara nyingi maji yenye nguvu kidogo ya kunyunyizia asubuhi yanatosha, na kwa sababu majani haya tunakula mimi sipigi sumu kabisa.

Watu wa Dar na Tanga na Zanzibar najua mtauliza. Jibu la kweli ni kwamba joto la pwani pamoja na ule unyevu wa hewa haviipendezi seji, ardhini itakusumbua. Kwenye chungu cha udongo inawezekana, chungu chenye tundu chini, changarawe nyingi kwenye mchanganyiko, kiwekwe mahali penye upepo na jua la asubuhi, usiweke kisahani cha kukusanya maji chini yake, na mvua kubwa zikija kivute kwenye kibaraza. Uichukulie ni mmea wa msimu mmoja au miwili. Lakini Lushoto, Iringa, Njombe, Mbeya, na ndugu zetu wa Nairobi, Limuru, Nakuru, ninyi mna hali ya hewa yake kabisa, hata baridi ya Njombe haiitishi, huko Ulaya inapigwa na barafu na inarudi.

Sasa malalamiko, maana yapo. Kwanza hawaweki vibao. Kila kitu kipo kichwani mwa mzee, siku akiwa hayupo na umemkuta kijana wa kusaidia unaweza kupewa mmea usio wenyewe, na kwenye vitalu vingine vya barabara hiyohiyo hali ni mbaya zaidi. Kuna mahali niliuliza seji nikaonyeshwa yale maua mekundu ya kupamba bustani, Salvia splendens, ambayo ndio ni salvia lakini sio ya chungu cha mboga. Pengine nikaonyeshwa mmea wa majani mazito ya kijivu yenye manyoya marefu meupe, mzuri kweli kwa macho, ila hauna harufu yoyote ya seji. Na kuna watu mitandaoni wanauita mvuti, yaani lantana, seji ya porini, huo ni wa kuogopa, unadhuru mifugo na hauingii jikoni kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, sugua jani unuse. Pua haidanganywi kwenye hili.

Pili, kwao kuna aina moja tu, ile ya kawaida. Huko duniani kuna ya majani ya zambarau, kuna yenye kingo za njano inaitwa Icterina, kuna Tricolor yenye kijani na nyeupe na waridi, kuna Berggarten ya majani mapana ambayo wapishi wanaipenda. Nimemwomba mzee, anasema akipata tawi atalizalisha, na namwamini. Tatu, udongo wa ndani ya viriba ni mzito, umejaa samadi na unashika maji, unafaa mche kukaa kitaluni chini ya wavu lakini ukiuacha hivyo hivyo nyumbani miezi inaweza kuleta shida, kwa hiyo ukifika usikae nao, uhamishie mapema na upukutishe taratibu udongo wa pembeni bila kukata mizizi. Na kwa vile imelelewa kivulini usiitoe ghafla kwenye jua la saa 7 mchana, izoeshe, anza na jua la asubuhi, siku baada ya siku ongeza.

Namna ya kuchagua mche pale pale: usikimbilie mrefu. Chukua mfupi ulionenepa, wenye matawi kuanzia chini, geuza kiriba uangalie kama kuna vimizizi vyeupe vinachungulia kwenye matundu, ukiona vya kahawia vinavyonuka kuoza rudisha. Angalia nyuma ya majani. Mzee hakasiriki ukikagua, anafurahi.

Ukishakuwa na kichaka kimoja chenye afya huhitaji kununua tena, na yeye mwenyewe ndo alinionyesha, muuza miche anakufundisha kuzalisha miche, fikirieni moyo huo. Unakata ncha changa isiyo na ua, sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapochipukia), unatoa majani ya chini unabakiza ya juu machache, unachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, unakiweka hicho kipande kivulini penye mwanga, unyevu wa kiasi tu, na baada ya wiki 4 mpaka 6 ukikivuta taratibu kinakataa kutoka, basi kimeshika. Au unainamisha tawi refu mpaka chini, unalifukia katikati na kuliwekea jiwe, linatoa mizizi lenyewe likiwa bado linanyonya kwa mama. Ni muhimu kwa sababu seji baada ya miaka 3 au 4 inakuwa na mashina magumu kama kuni, majani yanapungua, inafunguka katikati, na hapo unataka uwe na watoto wake tayari. Punguza matawi kila mwaka ila usikate mpaka kwenye lile shina kavu lisilo na jani, mara nyingi halichipui tena.

Kuvuna, mwaka wa kwanza kuwa mpole, chuma kidogo kidogo. Baadae usizidishe theluthi ya kichaka kwa mara moja. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Ya kukausha funga vifungu vidogo ning'iniza kivulini penye hewa, majani ni mazito yanachukua muda, yakivunjika kwa sauti ndo weka kwenye chupa ya kioo. Na ukumbuke kavu ni kali kuliko bichi, tumia kidogo.

Jikoni ndo nakoweza kukesha nikiongea. Watu wanadhani ni kiungo cha wazungu na bata mzinga, Waingereza kweli wanaichanganya na vitunguu na mkate kujazia nyama ya kuoka, lakini jaribuni kwenye maharage. Watu wa Toscana kule Italia wanapika maharage na seji, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na nyanya, na ukifikiria sisi tunakula maharage karibu kila siku. Mimi naweka majani mawili matatu wakati maharage yanachemka, mwisho naunga na kitunguu saumu na jani moja limekatwa, na pale nyumbani mtu akila anauliza umeweka nini. Malenge ya kuoka na seji ni kitu kingine kabisa. Viazi mviringo vya kukaanga, unatupia majani mazima kwenye mafuta ya moto sekunde chache yanakuwa makavu yanayovunjika mdomoni. Siagi ikayeyuka mpaka ikageuka rangi ya kahawia, majani ndani, ukamwagia juu ya tambi, chakula kimeisha. Kuku wa kienyeji, na kitimoto kwa wanaokula, inakata ule uzito wa mafuta. Kosa la kuepuka ni kuijaza, ni kiungo chenye sauti, majani matano yakizidi chungu chote kinakuwa kama dawa.

Na kwa habari ya dawa niseme kwa uzito, maana mitandaoni watu wanauza kila kitu. Chai yake, jani moja mawili kwenye kikombe, ni nzuri na watu wengi duniani wanakunywa, ndugu zetu walioko Gulf wameiona chai ya maramia ya Wapalestina na Wajordan, ile ni ya mmea ndugu wa karibu wa hii. Kusukutua kooni pia ni jambo la zamani. Lakini seji ina kitu kinaitwa thujoni ambacho kikizidi kinadhuru mfumo wa fahamu, kwa hiyo wajawazito, mama anayenyonyesha (inajulikana tangu zamani kupunguza maziwa) na mwenye kifafa wasiinywe kama dawa, na mafuta yake yaliyokamuliwa mtu asinywe kabisa. Kwenye chakula kiasi cha kawaida hakina shida.

Nyota 4 kati ya 5 kwa kitalu cha mzee na mama. Hiyo 1 imeondoka kwa sababu ya vibao na ule udongo mzito wa viribani, mengine yote wamenifurahisha, na malipo wanapokea taslimu au kwa simu. Ukitaka kuongea nao kwa utulivu usiende siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, watu ni wengi na kuegesha gari ni taabu, siku nyingine asubuhi mapema ndo muda wao mzuri. Wakati mzuri wa kununua ni mwishoni mwa masika, Juni hivi, unapanda mvua zimekata udongo bado una unyevu wa chini. Nilivyopita karibuni walikuwa na rozimari nzuri sana pia, ambayo siku hizi wataalamu wameihamishia kwenye jenasi hiyohiyo ya Salvia, yaani kundi moja la mimea ndugu na seji, na matunzo yake karibu ni yale yale, na taimu ilikuwepo ila bado changa, hiyo msubiri mpaka vuli.